Fundi wa Primus kule Kadutu: pampu nyota nne, nozeli sifuri

Kama una Primus ya shaba nyumbani (jiko la pampu la mafuta ya taa, si ile bia ya chupa), usimwachie fundi anayeshika sindano kabla hajauliza jiko linaumwa nini. Huyu wangu wa Kadutu, hapa Bukavu, hakuuliza. Namwandikia lawama hapa kwa sababu mbele ya banda lake hakutaka kuzisikia.

Jiko lilikuwa na kasoro moja tu: pampu haisukumi. Unavuta, unasukuma, mpini unaenda mwepesi, hewa haiingii tangini. Hiyo ni ngozi ya pampu iliyokauka, hakuna uchawi. Kabla ya hapo moto ulikuwa wa bluu, unavuma vizuri, maana yake nozeli (ile yenye kitundu kinachotoa mvuke wa mafuta) haina shida yoyote. Nikamweleza. Akajibu bila kuinua uso: "Mama, weye unajuaka kupika, miye najuaka kutengeneza."

Haya, fundi. Basi akachukua sindano ya cherehani akaisukumiza kwenye nozeli, eti anaisafisha. Kitundu kile ni kama theluthi moja ya milimita. Sindano ya cherehani ina ncha nyembamba, ndiyo inayodanganya watu. Ukiishindilia, unene wake unazidi kitundu mara mbili na zaidi, na shaba ni laini, haikatai. Kitundu kikishapanuka, mvuke wa mafuta unatoka mwingi kuliko hewa ya kuchanganyika nao, moto unageuka njano, unarukaruka, masizi yanapanda hadi kwenye mfuniko. Ukilegeza skrubu ya hewa kupunguza presha, moto unanywea lakini njano inabaki. Kaanga sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) juu ya moto wa namna hiyo uone: mafuta hayapati joto la kutosha, samaki hawakauki, wanalainika, na sahani nzima inanuka mafuta ya taa.

Nilipolirudisha akasema mafuta yangu ni mabaya. Mafuta machafu huziba kitundu, hayakipanui! Moto unakuwa mdogo na dhaifu. Kisha akabadili wimbo: sikulipasha jiko vizuri. Hapo walau kuna hoja, kwa hiyo niieleze, maana vijana wengi wanaliogopa jiko hili kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta ya taa hayawaki kwenye Primus yakiwa maji. Lazima yapite kwenye kichwa cha moto yageuke mvuke kwanza. Tangi lijazwe robo tatu, lisizidi. Skrubu ya hewa iwe wazi. Jaza alkoli kile kikombe kilicho chini ya kichwa, washa, subiri iwake hadi ikaribie kuisha. Ndipo unafunga skrubu na kupiga pampu mara chache, taratibu, ukiongeza moto ukishatulia. Ukiharakisha, mafuta yanaruka yakiwa maji na moto wa njano unapanda juu kama wa nyumba inayoungua. Lakini njano hiyo inaisha kichwa kikipata moto. Ya kwangu haikuisha hata chai ilipochemka.

Wazee wa Bukavu, wale wanaokumbuka Ziwa Kivu kabla ya sambaza (waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950), wanajua Primus ilikuwa na kazi zake: chai, wali, kukaanga. Sombe (majani ya muhogo) iliwekwa juu yake ichemke haraka, halafu ikahamishiwa kwenye mbabula (jiko la makaa) imalizie taratibu na makala. Bugali hapana. Jiko lina miguu mirefu, ukisonga kwa nguvu sufuria inacheza, na chini yake kuna tangi lenye presha. Anayekuambia alisonga bugali kwenye Primus, muulize kama sufuria haikuteremshwa chini kwanza.

Sasa, haki yake nimpe. Pampu ameitengeneza vizuri kuliko nilivyotarajia. Wengine wanakata mpira wa ndani wa baiskeli, ambao unavimba ukikutana na mafuta ya taa na kukwama. Yeye alikata ngozi halisi, akaikunja iwe kama kikombe, mdomo ukiangalia tangi, akailoweka usiku kucha kwenye oili ya injini. Hakutumia mawese, ambayo kwa baridi ya Bukavu yanaganda na ngozi inakuwa ngumu tena asubuhi. Akaona pia kwamba mpini unapanda wenyewe baada ya kusukuma: valvu ya chini inavuja. Akaifungua, akabadilisha kile kipande kidogo cha mpira. Sasa unasukuma mara chache tu na tangi limejaa hewa. Kwa hilo tu ningempigia debe mtaa mzima.

Ningempigia, kama asingenitoza pia "usafishaji wa nozeli". Nilipe kuharibiwa! Lindqvist wa Stockholm alibuni jiko hili mwaka 1892, na kitundu cha jiko kama langu kinazibuliwa hivi: waya mwembamba kuliko kitundu chenyewe, umeshikwa wima, umeingizwa kutoka juu, jiko likiwa baridi na bila presha. Ukikosa sindano yake ya asili, ule uzi mwembamba kabisa wa gitaa unafaa. Gitaa zimejaa mjini humu.

Nilitaka kusema msiende kabisa. Lakini mwingine anayejua ngozi na valvu kiasi hicho simfahamu, na nozeli mpya inazungushwa tu kama skrubu hadi ikaze, bei yake haimuumizi mtu. Basi nendeni, ila fungueni kichwa kwa spana mkiwa nyumbani, mkiache kabatini, na mumpelekee tangi na pampu peke yake.