Nilinunua picha ya kupaka kwa namba nipumzike, nikaishia kulalamika

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetafuta maoni ya mtu mtulivu apitilize tu.

Kazi yangu ni kujibu malalamiko. Kutwa nzima nasoma "mzigo wangu haujafika" na "nimekatwa hela mara mbili", nami najibu kwa sentensi ileile, "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza". Nikifika nyumbani kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki. Dada yangu ndiye aliyenisukuma nitafute kitu cha kushika mkononi ambacho hakina skrini. Kufuma nilishajaribu, nikaachia njiani kwenye mstari wa tatu. Kuchora ndiyo usiseme. Nikichora mbuzi mtu ataniuliza meza hii ni ya nani. Ndipo nikaagiza picha ya kupaka kwa namba: turubai limechapwa vipande vipande, kila kipande kina namba yake, na vikopo vya rangi vina namba hizohizo. Ukubwa na idadi ya brashi someni wenyewe kwenye boksi. Yangu ni ziwa wakati wa machweo, mtumbwi mmoja, na kijumba kule ng'ambo.

Wiki ya kwanza, jamani, niliwasifu walioniuzia mpaka nikawachosha watu. Nilianza juu kushoto nikawa nashuka, ili mkono usiburuze rangi mbichi. Kuna kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, unakijaza huku umebana pumzi na ncha ya ulimi iko nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Siku moja nainua kichwa ni saa nne usiku na simu sijaigusa. Dada akanitumia habari ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, uliotoka 2016: watu wazima 39 walikaa dakika 45 wakitengeneza sanaa yoyote waliyotaka, na kwa robo tatu yao hivi homoni ya msongo, kotisoli, inayopimwa kwenye mate, ilishuka. Nikamjibu kwamba mimi sihitaji kupimwa mate, nasikia mwenyewe mabega yameshuka.

Kisha nikafika namba 14.

Nilibandua kifuniko nikakuta gamba. Sisemi rangi nzito, nasema gamba, limepasuka katikati kama tope la kiangazi, na limejitenga na kuta za kikopo hata ukilitikisa linagonga. Kwenye ukingo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Hewa ilikuwa imeingia humo siku nyingi kabla boksi halijanifikia. Na rangi ya akriliki, ambayo ndiyo ya vikopo hivi, si udongo kwamba utailoweka irudi. Ikiwa bado laini, matone mawili ya maji yanaiokoa, lakini ikishakauka ndiyo basi. Nilijaribu hivyo hivyo. Maji ya uvuguvugu, kijiti cha meno, mpaka kijiko. Nilichopata ni chembechembe kama plasta ya ukuta uliobanduka.

Ingekuwa namba 9 ningenyamaza, maana namba 9 iko kwenye majani mawili tu. Namba 14 ndiyo ziwa. Ni maji yote, na matumbo ya mawingu, na kivuli cha mtumbwi.

Nikawaandikia nikiwa mpole kabisa, nikaambatanisha picha ya kikopo. Zikapita siku kadhaa. Jibu likaja: "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Sentensi yangu! Neno kwa neno! Mimi naijua sentensi hiyo kuliko jina langu, na najua maana yake: aliyeiandika hajafungua picha. Chini yake wameongeza kwamba rangi zao hutosha zikitumika kwa uangalifu. Uangalifu gani, na brashi haijagusa kitu? Nikaandika tena, wakataka picha ya boksi. Boksi lilishakwenda na takataka. Mara ya tatu akaja mtu, kwa kweli nilifurahi kuona ni mtu, akaandika: "Dada, si ni hobi tu hiyo? Tumia rangi yoyote inayokaribiana nayo."

Hobi tu. Nilisoma nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Saa moja ya siku nzima ambayo si ya bosi wala ya mteja, mtu asiyenijua anaiwekea "tu". Kesho yake kazini vidole viligoma kuandika ile sentensi ya usumbufu. Nikawaandikia watu "pole sana" kavukavu, mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Kwa hasira nikaingia kusoma nani alianzisha balaa hili. Ni Dan Robbins, mchoraji wa kampuni ya rangi ya Palmer kule Detroit, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alisimulia kwamba wazo alilipata kwa kukumbuka kuwa Leonardo da Vinci aliwagawia wanafunzi wake sehemu za picha zenye namba wazijaze. Nikacheka peke yangu nilipofika mahali panaposema kwamba hao nao, mwanzoni kabisa, walikosea kupakia: rangi za picha ya wavuvi zikaingia kwenye boksi la mpigana na fahali, za fahali zikaenda kwa wavuvi. Kumbe ugonjwa ni wa kuzaliwa.

Basi nikachanganya mwenyewe. Namba 6 ambayo ni bluu, nyeupe kidogo, na tone la ile kahawia ya namba 22, juu ya kifuniko cha kopo. Ya kwanza ilitoka kijanikijani. Ya pili ilikaa sawasawa, nikapaka nusu ya ziwa nikalala nimeridhika. Asubuhi nakuta imezidi kukolea, maana akriliki hukauka ikiwa imekolea kidogo kuliko unavyoiona mbichi. Hilo halijaandikwa popote kwenye karatasi yao. Nikachanganya tena nyepesi zaidi, na safari hii nyingi, nikaifunga kwenye kikopo chenye mfuniko, kwa kuwa rangi ya kuchanganya kwa mkono hutaipata mara mbili. Kwa hiyo ziwa langu lina maji ya aina tatu.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu jioni zile za kuchanganya zilikuwa tamu kuliko wiki nzima ya kufuata namba. Sikutaka kulikiri hili. Dada alipokuja akasimama mbele ya turubai akauliza, "Haya mawimbi umejifunzia wapi?" Sikumwambia ni mabaka.

Nyota, basi. Kwa bidhaa nilikuwa nimeandika tatu. Halafu nikakumbuka zile rangi hafifu, njano ya mwanga na pinki ya mawingu, ambazo ukipaka mara moja namba inakuchungulia chini yake, lazima urudie ikishakauka. Nikashusha hadi mbili. Halafu nikageuka nikaliona ziwa pale ukutani, nikarudisha tatu. Kwa huduma sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningeshuka nayo. Nunueni? Nunueni tu. Ila siku hiyohiyo ya kwanza fungueni kila kikopo, na boksi lisitupwe.

Nilitaka kuishia hapo, lakini juzi imeletwa bahasha kutoka kwao, hata barua haimo. Ndani kuna kikopo kimoja, kipya, hakina ufa. Namba 41. Picha yangu inaishia 24. Nimekifungua kwa hasira nikakuta ni nyekundu moja nzito, mbichi, inang'aa, sijawahi kuona nyekundu kama ile. Nimepaka paa la kile kijumba.