Alinitazama akasema "watu wao hukimbia hawa": uzoefu wangu wa kuanza orientiringi Epping Forest

Nianze na yule bwana wa mezani, maana bila yeye nisingekaa kuandika haya.

Ilikuwa Jumapili moja, majani yakiwa yameanza kupukutika. Nilikuwa nimesoma tangazo la klabu moja ya hapa London ya orientiringi, mchezo wa kutafuta vituo msituni kwa ramani na dira huku ukipimwa muda: wanaoanza karibuni, dira mtaazimwa, hakuna haja ya kujua chochote. Nikapanda treni ya laini ya Central hadi Loughton, nikapandisha kilima kwa miguu mpaka kwenye maegesho ya magari yaliyo ndani ya msitu wa Epping. Nikafika kwenye meza ya kujiandikisha, nikamsalimu bwana aliyekaa pale, nikasema maneno niliyoyapanga njia nzima: "Sijawahi kucheza mchezo huu hata mara moja, naomba njia ya wanaoanza."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. "Unatoka wapi?" Nikamwambia Tanzania. Akamgeukia mwenzake, si mimi, akasema, "Watu wao hukimbia hawa." Akaandika jina langu kwenye njia ya Kijani, akanipa karatasi yenye vialama nisivyovijua, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Kwisha.

Sikujua nimefanyiwa nini. Hapa Uingereza njia za orientiringi hupangwa kwa rangi. Nyeupe na Njano hufuata vijia, hata mtoto anaweza. Chungwa inakutoa kwenye kijia kidogo tu na kukurudisha. Kijani haina urefu wa kutisha, na ndiyo maana inadanganya: ugumu wake wa kusoma ramani ni ule ule wa njia za wachezaji waliobobea. Vituo vimefichwa ndani ya mashimo, kwenye mikunjo ya mitaro, mahali ambapo hakuna kijia kinachokufikisha. Na zile kilomita nne na kitu walizoandika zimepimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo, kama ndege anavyoruka. Miguu yako haitatembea hizo.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alinipa jembe langoni, kabla hata sijavua kandambili.

Mwanzoni unachukua ramani yako, unachomeka kidude cha plastiki cha kidoleni kwenye kisanduku, kinalia, na muda wako umeanza. Ramani nikaishika kama kitabu, maandishi yakinielekea. Hakuna aliyeniambia kwamba ramani ya mchezo huu haishikwi hivyo. Unaizungusha mkononi mpaka kaskazini ya ramani ielekee kaskazini ya dunia, na kila ukigeuka wewe, ramani unaiacha ibaki pale pale. Mimi nilikuwa nimeelekea kusini. Kijito nilichokitegemea kushoto kikatokea kulia. Nikasema moyoni waliochora wamekosea, nikaendelea.

Kosa la pili ni la rangi, na hili nalisema kwa kila atakayeanza. Kwenye ramani zote nilizozoea tangu shuleni, kijani ni msitu na nyeupe ni mahali patupu. Kwenye ramani ya orientiringi nyeupe NDIYO msitu, msitu wa miti mikubwa ambao mtu anaweza kukimbia chini yake. Uwanja wazi ni njano. Kijani ni vichaka, na kadiri kijani inavyokolea ndivyo usivyoweza kupita. Basi mimi nilikuwa natafuta eneo tupu ambalo halipo duniani, na nilipoona kijani kilichokolea nikafurahi kwamba nimepata kivuli cha miti, nikaingia. Majani ya kule ni magumu na yana miiba kingoni. Nilitoka na mikono imechanika.

Kuna kibendera cha kituo nilikiona, rangi ya chungwa na nyeupe, nikakikimbilia kama mtu aliyeona maji. Namba yake haikuwa yangu. Kilikuwa cha njia nyingine.

Watu walinipita. Wengine umri wa mama yangu, wamevaa soksi ndefu, macho kwenye ramani. Hakuna aliyesema hata habari. Nimekulia Lushoto, milima ya Usambara. Kwetu hampishani na mtu kwenye kijia cha msituni bila kusalimiana, na mgeni akionekana anazunguka mahali pamoja ataulizwa, "Wewe, unakwenda wapi?" Hili liliniuma kuliko miiba.

Baada ya kama saa mbili nilisimama juu ya ukingo wa udongo, mrefu, umejipinda kama kingo za bwawa. Hapo nikatoa simu, nikaifuata mpaka maegeshoni. Baadaye nilikuja kujua kwamba ukingo ule ni Loughton Camp, boma la watu wa kale waliokuwa hapo zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na ulikuwa umechorwa kwenye ramani yangu waziwazi. Nilikuwa nimesimama juu ya alama kubwa kabisa, ramani mkononi, na sikuwa na uwezo wa kujua niko wapi.

Sasa sikilizeni. Nafika, meza zinakunjwa. Yule bwana ananijia, anasema kwa sauti ya kunifokea, "Tulikuwa karibu kutuma watu wakutafute! Kwa nini hukupita kumaliza?" Hakuuliza kama nimeumia, na damu aliiona.

Nitamtendea haki kwa jambo moja, kwa sababu ni la usalama. Kila aliyeanza ni lazima apite kwenye kompyuta yao mwishoni akachomeke kidude chake, hata kama hakupata kituo hata kimoja, hata kama ameacha njiani. Usipopita, kwao wewe bado uko msituni, na kuna watu watakaokwenda kukutafuta gizani wakati wewe umekaa kwenye treni. Sheria hiyo ni nzuri, naikubali kabisa. Vilevile nilikuwa na filimbi shingoni niliyoambiwa nivae, bila kuambiwa ni ya nini. Ni ya kuomba msaada: mapulizo sita, unanyamaza dakika moja, unarudia. Haya mawili yanasemwa kwa nusu dakika. Alikuwa na nusu dakika ya kusema watu wetu hukimbia. Ya kuniambia namna ya kuomba msaada hakuwa nayo?

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa nimeshaamua. Nyota sifuri. Ni mchezo wa watu wanaojuana, msiende, msipeleke watoto. Mama alinipigia jioni ile, nikamweleza, akasema, "Mwanangu, unalipa hela upotee msituni, na huku nyumbani misitu tunayo?" Sikuwa na jibu.

Na kama ningeandika wiki ile, haya yangeishia hapo.

Nilirudi, sitasema ni kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu ya lile boma. Lilikuwa linanisumbua usiku, kwamba nilikuwa juu yake na sikulijua. Zikapita wiki kadhaa, baridi imeingia, msitu ule ule. Safari hii nikajiandikisha kwa mtandao, njia ya Njano, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba sijui kitu. Akaja bibi mmoja wa klabu ile ile, nywele nyeupe, akasema atatembea nami. Hakukimbia. Alinikunjia ramani ndogo kiasi cha kiganja, akachukua kidole gumba changu akakiweka pale tulipo, akasema, "Kidole hiki kinatembea na wewe. Usikiinue." Tukazungusha ramani, sindano ya dira ikalala sambamba na mistari ya kaskazini, na dunia ikajipanga. Kijia cha kulia kikawa kulia. Niliona kama mtu amenivalisha miwani.

Kisha akanionyesha mistari ya kahawia. Akajaribu kunieleza: kila mstari unapita mahali penye kimo kimoja, kutoka mmoja hadi mwingine unapanda mita tano. Maneno hayakuniingia. Nikaitazama tena ile mistari, ikijipinda pembeni ya kilima, inabanana, inaachana, na ghafla nikaona shamba la marehemu bibi yangu Lushoto. Matuta! Mistari ya kontua ni matuta. Tuta halipandi wala halishuki, linazunguka mlima kwa kimo kimoja ili maji yasikimbie na udongo. Penye mteremko mkali matuta ni membamba na yamebanana, penye ulaini yanaachana. Likifika penye korongo linajikunja kuingia ndani ya mlima, likifika kwenye mgongo wa mlima linatokeza nje. Haya niliyajua nikiwa na miaka saba, nikibeba mbegu za maharage nyuma ya bibi. Nilikuwa naijua ramani ile kabla sijaiona, na hakuna aliyeniuliza ninajua nini.

Nikamwambia yule bibi, kituo kinachofuata kiko pale tuta linapojikunja, korongoni, mkono wa kushoto. Akasema nitangulie. Nikatangulia. Kibendera kilikuwapo, kimening'inia mtaroni, na namba ilikuwa yangu. Nilichomeka kidude kikalia, na machozi yakanitoka, sioni haya kusema.

Tukanywa chai ya chupa kando ya gari lake. Akaniambia walioutangaza sana mchezo huu Uingereza miaka ya 1960 ni Chris Brasher na John Disley, wale wale walioanzisha London Marathon mwaka 1981. Wote wawili walikuwa wakimbiaji wa mita 3000 kuruka viunzi na maji: Disley shaba Helsinki 1952, Brasher dhahabu Melbourne 1956. Nami nikamwambia mbio hizo hizo zilimpa Filbert Bayi wetu fedha Moscow 1980. Alifurahi, akataka nimtajie jina hilo tena ili alikariri. Tukakubaliana kwamba hata Bayi, angepewa ramani akaishika kichwa chini, angepotea haraka zaidi yangu kwa sababu angekuwa na kasi zaidi. Kuhusu salamu alisema watu wakiwa mashindanoni wanaogopa kupoteza mahali walipo kwenye ramani. Nimemsikia. Sijaridhika. Mtu anayezunguka kichaka kimoja mara tatu anaonekana.

Kwa hiyo ni nyota ngapi? Siku ile ningesema tano. Nililala nimechoka vizuri, na tangu hapo sioni kilima bila kukipigia matuta kichwani. Kwa mchezo wenyewe natoa tano bila kusita, na mama nimeshamjibu: sikulipa nipotee, nililipa nijue nilipo.

Lakini nikiandika hapa damu inachemka upya, kwa sababu nilipeleka malalamiko kwa klabu, kwa adabu, bila kumtaja kwa ubaya, na jibu likaja mistari miwili: wahudumu wetu ni watu wa kujitolea, asante kwa maoni yako. Yule bibi naye alijitolea! Kujitolea hakumfanyi mtu amtazame mgeni usoni halafu ajibu swali ambalo mgeni hakuuliza. Niliomba njia ya wanaoanza. Nililitamka. Je, ni wangapi waliandikiwa Kijani siku kama ile, wakarudi nyumbani na miiba, na hawakuwa na boma la kuwavuta warudi? Hao hawataandika popote. Wataambiana tu kwamba msitu ule si wetu. Basi klabu nawapa mbili, na moja kati ya hizo ni ya chupa ya chai.

Ukienda, sema Njano, na kama una uhakika na dira sema Chungwa, na ukiandikiwa kingine simama hapo hapo mezani mpaka kifutwe, foleni ingoje. Omba mtu atembee nawe. Wapo, ila hawakai mezani. Vaa suruali ndefu.

Jumapili ijayo naingia Chungwa peke yangu. Nimeshajiandikisha kwa mtandao, ili mezani kwake nisipite.