Redio ya mtoto: nilivyoichagua kwa akili mnemba na maoni ya nyota tatu

Mimi naoka keki. Jiko langu la biashara liko nyuma ya nyumba, kwenye banda tulilojenga kwa ajili ya mpangaji, hapa Mbezi. Kutoka mlango wa banda hadi chumba anacholala mtoto ni hatua 38, nimezihesabu, na katikati kuna kuta tatu za tofali za inchi sita. Mashine ya kuchanganyia unga ikishawaka, hata bodaboda akipiga honi getini simsikii.

Mama mkwe alikuja kutoka Moshi kunisaidia baada ya uzazi. Hakuona haja ya kununua bebi monita, kile kifaa cha vipande viwili: kimoja kinakaa chumbani kwa mtoto, kingine kinampa mzazi habari akiwa mbali. "Sisi tulikuwa na masikio," alisema. Basi siku moja akapitiwa na usingizi sebuleni, dada yuko sokoni, mimi niko na oda ya keki ya ndoa. Nilipotoka kuchota maji nikamkuta mtoto amelia hadi sauti imekauka. Usiku huo huo nikashika simu.

Swali langu la kwanza kwa akili mnemba lilikuwa la kivivu: nipendekezee bebi monita nzuri. Ikanimwagia orodha ya vifaa vitano, bei kwa dola, vyote vina kamera, vitatu havifanyi kazi bila intaneti. Ni kosa langu. Ukienda kwa fundi ukamwambia "nishonee nguo" bila kupimwa, unategemea nini? Mara ya pili nikaieleza kila kitu: banda, kuta, mashine, umeme unaokatika bila taarifa, mama mkwe asiyependa simu za kupangusa. Nikaiambia isipendekeze chochote kwanza, iniulize maswali.

Iliniuliza saba. Sita nimeyasahau, ila moja lilinifanya niweke simu chini: unataka kumwona mtoto au kumsikia? Nikagundua sikutaka lolote kati ya hayo. Kumwona siwezi, mikono ina siagi. Kumsikia siwezi, mashine inaunguruma. Nilichotaka ni kujua tu kwamba analia. Kwa hiyo nilihitaji kifaa cha sauti, kamera ya nini, ila kiwe na taa zinazopanda kadiri kilio kinavyopanda na kiwe kinatetemeka mfukoni mwa aproni. Sifa hizo mbili hazikuwamo kabisa kwenye kichwa changu nilipoanza. Hapo naipa akili mnemba maksi zake zote.

Kariakoo nilienda pia, maana huwezi kuagiza nje kabla ya kuangalia kilichopo. Kaka wa dukani alinionyesha kamera inayozungusha shingo, elfu 65. "Dada yangu, hii hata ukiwa Dodoma unamwona." Kweli, nikiwa Dodoma. Lakini baadhi ya kamera hizi za waifai hupeleka picha kwenye seva za nje ya nchi kabla ya kuirudisha kwenye simu yako iliyo chumba cha pili. Bando likiisha, huoni. Umeme ukikatika, ruta inazima, huoni. Na tulioishi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kubembeleza, tunajua hali hiyo inavyokuwa. Halafu nywila. Kamera ile ilikuja na nywila ambayo ilishaandikwa kwenye boksi, ile ile kwa kila boksi la rafuni. Uingereza tangu Aprili 2024 sheria inakataza kuuza kifaa cha intaneti chenye nywila ya pamoja ya namna hiyo. Sikununua.

Sasa nije kwenye karibu-nipotee yangu. Akili mnemba, baada ya mahojiano yetu, ilinipendekezea kifaa cha VTech cha sauti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani. Kina taa, kina mtetemo, bei nzuri. Kaka yangu yuko Houston na alikuwa anakuja Desemba. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe wa kumtumia hela, nikasema ngoja nisome maoni ya wanunuzi kidogo. Chini kabisa, mtu mmoja aliyehama kutoka Marekani kwenda Ulaya alikuwa ameandika kwamba ilibidi akiache nyuma, si kwa sababu ya plagi, bali masafa ya mawimbi ya redio.

Nilirudi kuuliza. Jibu: "Uko sahihi, samahani." Hivi tu, kama mtu aliyekuwa anajua siku zote akaamua kukaa kimya. Vingi vya vifaa hivi vya sauti hutumia teknolojia ya DECT, ile ile ya simu za mezani zisizo na waya. Ya Marekani inarusha kati ya megahezi 1920 na 1930. Ya Ulaya kati ya 1880 na 1900. Ukiileta ya Marekani huku, inaangukia katika masafa ambayo simu zetu za 3G hutumia kuongea na mnara. Unaweza kuwa unamsikiliza mwanao huku unawavurugia jirani simu zao, na wala si halali. Akili mnemba haikunidanganya, ila sikuitajia nchi na yenyewe haikunikumbusha. Tangu hapo kila pendekezo nalimalizia na swali moja: ni nini hapa kitakachokataa kufanya kazi Tanzania?

Hatimaye niliagiza kifaa kingine kupitia kwa wifi yangu aliye Leicester (dada wa mume, si ile ya intaneti). Pauni 38, plagi ya pini tatu bapa kama zetu, hakuna adapta. Jina la kampuni sitalitaja kwa sababu nina malalamiko nayo bado yako kwenye barua pepe, na pia kwa sababu jina halitakusaidia kama kuta zako si kama zangu.

Kabla ya kulipa nilikaa na maoni ya wanunuzi siku mbili. Nyota tano nyingi ni za furaha ya kufungua boksi: "Imefika salama, mtoto anazaliwa mwezi ujao." Sasa umekadiria nini, mama? Nyota moja nyingi ni ugomvi na mleta mzigo. Utamu uko kwenye nyota tatu, na uzipange mpya kwanza. Pale ndipo nilimkuta mtu wa nyumba ya mawe Scotland anayesema mawimbi yanapita kuta mbili vizuri na ya tatu kwa shida. Nilimkuta mama asiyesikia sikio moja, ambaye maisha yake yote na mtoto yameegemea ule mtetemo. Na nilikuta watu wanne, kwa maneno tofauti, wanasema betri ya upande wa mzazi inachoka baada ya miezi michache. Ajabu ni kwamba nilipoiomba akili mnemba inifupishie maoni hayo hayo, iliniambia wanunuzi wengi wanaisifu betri. Kwa hesabu ni kweli. Wengi waliandika wiki ya kwanza.

Kulikuwa pia na maoni matatu yanayofanana hadi nukta. Hayo niliyaruka. Marekani, Oktoba 2024, ilianza kutumia kanuni inayopiga marufuku maoni ya kubuni, yakiwemo yanayoandikwa na mashine, lakini kanuni ya huko haizuii chochote kwenye duka la kwingine.

Kuhusu soksi za kupima oksijeni na mapigo ya moyo, kwa sababu najua mtaniuliza: orodha yangu ya kwanza ilikuwa nayo, na kwa mama mwenye hofu inavutia sana. Nikasoma kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiandikia Owlet, kampuni inayotengeneza soksi hizo, barua ya onyo mwaka 2021 kwa kuziuza kama kifaa cha tiba bila kibali, kisha mwaka 2023 ikaruhusu toleo jipya kwa watoto wenye afya. Hata hivyo chama cha madaktari wa watoto cha huko kinasema vifaa vya namna hiyo visitumike kama kinga ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Nesi wa kliniki yetu alinijibu kwa sentensi moja: mlaze chali, godoro gumu, mito toa. Hela ya soksi ikabaki.

Leo nina miezi saba na bebi monita yangu ya Leicester. Kuta tatu inapita, isipokuwa nikisimama nyuma ya oveni. Hapo inapiga mlio wa kupoteza mawasiliano, na mlio huo ndio sababu kubwa ya kuipenda. Kimya cha kifaa kinaweza kuwa mtoto amelala au waya umechomoka. Hiki hakikuachi ubahatishe. Siku ya kwanza nilizima cha chumbani kwa makusudi nikahesabu: ndani ya nusu dakika kilikuwa kinalalamika. Fanya jaribio hilo kabla hujakiamini.

Betri, kama wale wanne walivyosema. Boksi linaahidi saa 18. Mwezi wa tano ikawa saa nne, na nimeandika barua tatu bila jibu. Nabadilisha mwenyewe betri ndogo za kuchaji, ambazo bahati nzuri ni za saizi ya kawaida.

Cha chumbani hakina betri kabisa. Umeme ukikatika kinazima. Nilikiunganisha na pawabanki nikajiona mjanja, kikazima baada ya dakika chache, kwa sababu kinakula umeme kidogo mno hadi pawabanki inadhani hakuna kitu kimechomekwa. Akili mnemba haikuniambia. Aliniambia mpiga kambi mmoja kwenye maoni ya nyota tatu. Sasa kinakula kutoka kwenye betri ndogo ya ruta yenye tundu la volti 5, na hakijazima tena. Waya wake fundi ameupitisha ukutani, futi tatu na zaidi kutoka kitandani, mtoto asije akaushika.

Mama mkwe amekizoea. Anakiita redio ya mtoto, ingawa nadhani hajaelewa inarusha kutoka upande gani. Juzi niko bandani, mashine imezimwa, taa zikapanda mbili, na sauti yake ikaja laini kutoka mfukoni mwangu: "Mjukuu wangu, keki za mama yako siku hizi sukari nyingi, lakini usimwambie."

Nikabonyeza kitufe cha kuongea. "Mama, sukari ni ile ile."

Taa zote zikazima. Baadaye kidogo ikapanda moja, ya kicheko cha mtoto.