Nilikodi bastola ya .22 renji, ikanikwamia mara tisa (uzoefu wangu)

Jamani nimetoka renji (uwanja wa kulenga shabaha) juzi na bado naikumbuka vizuri, acha niandike. Mie ni wa Malindi, leseni ninayo na ya kwangu ni bastola ya 9mm, lakini mkono ulikuwa umepoa kabisa manake duka halinipi nafasi, sasa nikaambiwa kuna renji moja njia ya Mombasa (jina sitaji, wanajijua) wanakukodisha bastola ya .22 (ile ya risasi ndogo nyembamba) pamoja na mwalimu na risasi mia, nikapanda matatu alfajiri nikaenda.

Utamu wa .22 ni kuwa hairushi mkono na risasi zake bei poa. Uchungu wake niliuona kabla ya saa nne asubuhi. Risasi mia, imekwama mara tisa, nilikuwa naandika kwa kalamu nyuma ya karatasi ya shabaha.

Mara nne ilikuwa "tk" halafu kimya. Mwalimu, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, akanionyesha ganda, alama ya pini ipo pale ukingoni lakini haikuwaka. Kumbe .22 kiwashio chake hakikai katikati ya kitako kama cha 9mm, kimepakwa ndani ya ukingo kuzunguka, na pale kilipopakwa haba ndo pini ikigonga hupati kitu. Ila hufungui papo hapo! Mdomo unabaki umeelekea shabaha, kidole nje ya triga, unahesabu sekunde 30 manake kuna risasi huchelewa kuwaka. Mikono imenyooka, jasho laingia machoni ndani ya miwani, sekunde 30 zaona kama foleni ya feri Likoni.

Mara tatu ganda lilisimama wima kwenye slaidi (kile kipande cha juu ya bastola kinachorudi nyuma ukifyatua) kama dohani ya meli. Hapo mzee alinilaumu mie kidogo, kwamba mkono nimeulegeza na slaidi hairudi yote nyuma, lakini nilipochungulia ndani nikaona masizi na nta imegandamana, risasi za .22 nyingi ni za ledi tupu (madini ya risasi) iliyopakwa nta kwa hiyo zinachafua haraka, na hiyo bastola sidhani iliona brashi wiki hiyo. Mara moja kosa langu kabisa, nilijaza magazini (kile kisanduku cha risasi) kwa pupa, ukingo wa risasi ya juu ukanasa nyuma ya ule wa chini, haikupanda.

Ya tisa ndo iliyonitia baridi. Nimebonyeza, badala ya "pa" ikatoa "puf" kama mtu amefungua soda, slaidi haikusogea na kwenye karatasi hakuna tundu jipya. Mie kwa mazoea nikapeleka mkono nivute slaidi niendelee. "Kijana! Wacha hiyo!" Nikaganda. Tukasubiri, akatoa magazini, akafungua, akatumbukiza fimbo nyembamba ya shaba kwenye mtutu, ikagota katikati. Risasi ilikuwa imelala humo ndani. Ningefyatua nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka mkononi mwangu. Akaigongagonga kidogo kidogo mpaka kale karisasi kakadondoka kwenye kiganja changu, kadogo, gramu mbili na nusu hivi, kamechubuka pembeni.

Sasa lawama. Risasi zilikuwa kwenye kopo wazi dirishani, upepo wa chumvi wapiga hapo mchana kutwa, nyingine maganda yameshaota kijani. Nikamuuliza msimamizi, akaniambia eti .22 zote ndo zilivyo. Bwana, kukataa moja moja sawa, lakini tisa kwa mia si tabia ya .22, ni uzembe. Sisi watu wa pwani hata misumari twaifunga kwenye nailoni.

Jambo moja walifanya sawa, kabla ya mahamri mzee alitusimamisha wote bombani tunawe kwa sabuni, ledi ni sumu na hutaiona kwenye vidole. Vifaa vya masikio na miwani vilikuwa safi pia.

Mwalimu nampa tano kwa tano, bastola mbili, risasi sifuri. Ntarudi mwezi ujao lakini nishawaambia, boksi lifunguliwe mbele ya macho yangu, na akiwa yule mzee hayupo zamu napanda matatu narudi Malindi.