Fundi wa kompyuta asiyechungulia

Nilipeleka kompyuta mpakato iliyogoma kuwaka kwenye duka dogo la mafundi karibu na Soko la Majengo, Dodoma, na kilichonivutia kuliko hata bei ni kwamba wakati wa kuijaribu fundi alikataa kutajiwa nywila, akanisogezea kibodi niiandike mwenyewe, kisha akageuza uso kama anayetazama bodaboda barabarani. Diski ya zamani alinikabidhi mkononi ndani ya bahasha, bila kuombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ingawa sidhani kama mafundi wengi huikumbuka wanaposhika bisibisi. Kasoro yao ni ahadi: niliambiwa siku mbili, nikasubiri tano, na risiti nikaipata baada ya kuidai.