"Umeulalia Huo"

Hilo ndilo neno nililoambiwa nilipopeleka mkono wangu uliovimba, na linanikera hadi leo. Daktari wa kliniki moja hapa Lamu, sitaitaja, hata macho hakuyatoa kwenye simu.

Ilikuwa siku kadhaa baada ya Maulidi. Juma zima tulikuwa kwenye mazoezi ya mashindano ya mashua, na kazi yangu ni henza, kamba ya kupandishia tanga: tweka tanga, tua, tweka tena, mikono juu kutwa. Mkono wa kulia ukaanza uzito, kisha ukavimba hata pete ikatoka kwa sabuni na kilio. Rangi kama zambarau. Begani na kifuani mishipa imechomoza kama mizizi ya mkoko maji yakitoka. Mke wangu aliiona kwa tochi ya simu. Daktari hakuiona, maana hakuniambia nivue shati. Shati tu! Nikamuuliza, "Daktari, isije ikawa damu imeganda?" Akacheka. "Hiyo ni ya miguu, ya wazee." Akaandika vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua.

Nikachua wiki mbili na ushei, mjinga mimi.

Mombasa, dada wa altrasaundi alipitisha kile kifaa chini ya mtulinga, huu mfupa wa juu ya kifua, akanyamaza, akanigeuzia skrini. "Kaka, damu haipiti hapa. Usiende popote." Huyo nampa nyota zote. Kumbe mshipa unapita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na ukiinua mikono kila mara unabanwa, unasuguliwa, damu inaganda. Na huwapata vijana wenye nguvu zao! Paget, daktari Mwingereza, alishaueleza ugonjwa huu mwaka 1875. Bonge lingeweza kukimbilia mapafuni. Dawa ya kuliyeyusha, inayopelekwa kwa mrija hadi penyewe, hufaa zaidi ndani ya siku 14. Siku zangu 14 niliziacha kwenye kichupa cha kuchulia. Nikapigwa sindano za heparini za kuzuia damu kuganda, sasa nameza wafarini, vidonge vya kazi hiyohiyo, na kupimwa damu kila mara, na huo ubavu huenda ukakatwa.

Lakini haki yao niwape: kliniki hiyohiyo ilimpokea mwanangu na malaria usiku wa manane, pesa wakasema asubuhi. Nilikuwa nimeshaamua nyota mbili, hata tatu.

Juzi nimepita pale, yule bwana yuko mlangoni na simu yake. "Eh, mkono si ulipona? Nilikwambia."

Hapati hata moja.