Boti wa kanuni au boti wa kuiga?
Boti ni mchezaji anayeendeshwa na kompyuta ndani ya mchezo wa video. Boti wa kanuni huandikiwa kila kitu: akimwona adui apige, akiishiwa risasi ajifiche. Hahitaji data, na akiharibu unafungua msimbo na kuona kosa liko wapi. Mchezo wa Halo 2 wa mwaka 2004 ulitumia mti wa tabia wa namna hii, yaani kanuni zilizopangwa kama matawi. Shida ni kwamba hulenga kama mashine. Lazima umtie uzembe: achelewe kidogo kabla ya kugeuka, akose shabaha, amsahau adui aliyejificha. Kwangu mimi, kumfundisha kukosea ndiyo kazi yenyewe. Kumfundisha kushinda ni rahisi.

Boti wa kuiga hulishwa rekodi za watu wakicheza. Makosa ya kibinadamu huja yenyewe, hata kule kusitasita mlangoni. Lakini akifika mahali ambapo rekodi hazikufika, huduwaa au huukumbatia ukuta. Ukibadilisha ramani, huenda ukalazimika kukusanya rekodi upya.

Unatengeneza mchezo peke yako? Andika kanuni. Una wachezaji wengi tayari? Waige. Au changanya: boti UT^2, mmoja wa washindi wawili wa BotPrize 2012, shindano la boti wanaojifanya binadamu, alifuata nyayo za binadamu zilizorekodiwa pale alipokwama.